Boti kwa Shamba

Asembo Bay,
3 Machi 2016

Kwa binti yangu Emmaculate,

Mulembe, mama. Tuanze na miili. Mama yako Jentrix hajambo, ni goti la kushoto tu linalomsumbua asubuhi, na likishapata jua linanyamaza. Mimi sijambo isipokuwa masikio. Matrekta ya miwa ya Muhoroni yaliyala kwa miaka ishirini na miwili na hayatayarudisha. Ulipopiga simu Jumapili mama yako alinishikia sikioni, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, mpaka akaninyang'anya. Kumbe ulikuwa unauliza kama nimeacha kula. Kwa hiyo tuandikiane. Selpha anapeleka samaki Kisumu kila Alhamisi, na amekubali kupitia kwako Kaloleni, mradi usimpe chai ya rangi.

Ile habari niliyokugusia sasa imekamilika: boti si yangu tena. Rafiki yangu Obonyo ameichukua pamoja na injini yake, na mimi nimechukua kipande chake cha shamba kule juu ya ziwa, kuanzia ua wa mkonge hadi njia ya ng'ombe. Boti kwa shamba. Hakuna aliyemwongeza mwenzake hata shilingi. Nilipouza sehemu yangu ya shamba la ukoo kule Chwele ili ninunue boti ile ulinicheka, ukasema Mbukusu asiyejua kuogelea anatafuta nini majini. Cheka tena sasa, maana nimerudi kwenye udongo.

Nakala tatu za mkataba ulizochapa huko ofisini kwa wakili Harpreet zimefika, zinanuka omena kidogo lakini zinasomeka. Jumamosi ya wiki ijayo Obonyo atakuja na wanawe kutufungulia dala, ndivyo wanavyoita boma huku. Desturi yao inataka mwenye boma jipya aongozwe na baba yake. Mimi baba sina, basi Obonyo atasimama mahali pake. Ni mdogo kwangu kwa miaka miwili, na kuanzia Jumamosi atataka nimwamkie.

Ni mimi baba yako,
Wechuli

•

Kaloleni, Kisumu,
10 Machi 2016

Baba mpendwa,

Nimeipokea barua yako nikiwa mzima, na Selpha amekunywa chai ya maziwa vikombe viwili. Mpe mama pole ya goti. Mwambie nimempatia dawa ya kupaka, iko kwenye mfuko wa bluu, asiitumie kwa mbuzi.

Kuhusu shamba nimefurahi, lakini nisikilize kwa macho kama huwezi kwa masikio. Boti ukimkabidhi mtu mkononi imekwenda, hata bila karatasi. Ardhi si hivyo. Mkataba wa ardhi usipoandikwa mahakama haiutambui. Wewe uweke sahihi, Obonyo aweke sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwepo akiona ikiwekwa, naye aandike jina lake hapo kando. Nakala moja yako, moja yake, ya tatu niletee niiweke kwenye kabati la chuma la ofisi.

Nakujua, baba. Utaona haya kumwekea rafiki karatasi mbele. Si kumshuku. Nyinyi wawili mnaaminiana, lakini siku moja mtakuwa hampo, na sisi watoto ndio tutabaki tukitazamana.

Binti yako,
Emmaculate

•

Asembo Bay,
17 Machi 2016

Kwa karani mkuu wa Kisumu,

Mulembe. Sisi wazima, na goti limeipenda dawa yako. Mbuzi hakuonjeshwa.

Dala imefunguliwa. Obonyo alitangulia na shoka, mimi nyuma na jogoo, mama yako nyuma yangu na moto kwenye kigae. Obonyo alikata nguzo ya kwanza kwa mkono wake, akaisimamisha, akasema hapa ni kwa Wechuli. Wanawe walikuwepo wote, na Robinson, yule mkubwa ambaye ni mwalimu, ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Mama yako alilia. Anasema miaka yote ya Muhoroni alipika kwenye nyumba za kampuni, na leo amepika kwake.

Makaratasi tayari. Yote yamewekwa sahihi, usijali. Yako kwenye sanduku la mama yako chini ya vitenge. Sikukuletea nakala yako kwa sababu Selpha ataifunga na samaki. Utaichukua ukija Krismasi.

Baba yako,
Wechuli

•

Kaloleni,
26 Septemba 2019

Baba mpendwa,

Umelalaje? Unakula? Naandika hivi kwa sababu najua ulivyokuwa ukimsubiri mama akuambie uji umeiva.

Mimi nimerudi kazini Jumatatu. Wakili Harpreet aliniambia nikae wiki nyingine nikakataa, kwa maana nyumbani nakaa tu natazama ukuta. Watu wananipa pole na mimi nawashukuru, kisha nakwenda chooni nalia. Sikujua mtu anaweza kuchoka hivi bila kubeba kitu.

Kitu kimoja kilinishikilia siku ya mazishi. Mzee Obonyo aliposimama pale kaburini, na ule ugonjwa wake wa kifua, akasema mbele ya watu wote, "Jentrix amelala kwake, hajalala kwa mtu," ndipo nikaweza kutupa udongo wangu. Mfikishie shukrani zangu.

Mama alikuwa ameniambia hataki kuhamishwa tena. Alihesabu nyumba alizoishi, akafika kumi na moja, akasema hiyo ya kumi na mbili ndiyo ya mwisho.

Binti yako,
Emmaculate

•

Asembo Bay,
3 Oktoba 2019

Emma mama,

Nakula. Nalala kidogo. Asubuhi nakwenda na kikombe changu nakaa karibu naye. Nilipanda maua, mbuzi wa Obonyo wakayala, Obonyo akaja mwenyewe na miche mingine na waya wa kuzungushia. Tukazungusha pamoja. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu, na kwa masikio yangu haya hilo ndilo lililonifaa.

Baba yako

•

Asembo Bay,
16 Februari 2023

Kwa binti yangu Emmaculate,

Mulembe, mama. Mimi mzima. Mkweo hajambo? Na yule mume wako anayechezea kompyuta hajambo?

Tangu tulipomzika Obonyo mwezi wa kumi, wanawe hawajapita hapa. Jana alikuja Robinson. Alikuwa na adabu, aliniita Mzee, akakataa chai. Ameniachia barua. Inasema hati miliki ya shamba lote la baba yao sasa ina majina yao, na kuna mnunuzi anayetaka sehemu yote inayotazama ziwa, anataka kujenga hoteli. Inasema mimi ni jadak. Huku jadak ni mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya mwenzake, na mwenye ardhi akimwambia ondoka, anaondoka. Wanasema boti baba yao aliinunua kwangu kwa jasho lake, jambo lingine kabisa.

Wananipa miezi mitatu. Na kwa sababu mnunuzi hataki kaburi, wanataka mama yako ahamishwe. Gharama watatoa wao.

Usiwe na wasiwasi. Robinson huyu mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli. Nitaongea naye.

Baba yako,
Wechuli

•

Kaloleni,
23 Februari 2023

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi sijalala tangu Selpha aliponipa barua yako.

Usiongee na Robinson. Nitumie mkataba. Krismasi ya mwaka ule nilikuja nikasahau kuuchukua, iliyofuata ukasema ufunguo wa sanduku umepotea, kisha mama akafa na sikuwa na moyo wa kupekua vitenge vyake. Lakini sasa ndiyo siku yenyewe tuliyouandikia. Ukiwa na sahihi za nyote wawili na mashahidi, hatimiliki yao haitamwondoa mama pale alipo. Bila huo hatuna kitu cha kusimamia. Watu mia moja wanaweza kuapa kwamba walimsikia Obonyo kaburini, na hakimu atawaambia asante, karatasi iko wapi? Nimemwuliza Harpreet kama zile siku ulizokaa zinaweza kutusaidia. Anasema miaka saba haitoshi, ingekuwa kumi na miwili tungeanza kuzungumza.

Mpe Selpha nakala zote, kwenye bahasha ya kaki. Nimemlipia kiti cha mbele asiziweke na samaki.

Binti yako,
Emmaculate

•

Asembo Bay,
2 Machi 2023

Emma mama,

Mulembe. Huku joto ni kali na mvua haijaonyesha dalili. Kunguru wamekuwa wengi. Mahindi ya mwaka jana yalikuwa na funza na nimeyamwaga. Kuhusu sanduku, panya wa mwaka huu ni wa ajabu, wamekula hadi sabuni, na vitenge vingine vya mama yako vimetoboka. Naendelea kutafuta polepole kwa sababu mgongo hauinami. Selpha anasema umekonda. Kula.

Baba yako

•

Kaloleni,
9 Machi 2023

Baba,

Umeniandikia kunguru, funza na panya. Mkataba uko wapi?

Emmaculate

•

Asembo Bay,
23 Machi 2023

Binti yangu,

Natumaini mko salama.

Mkataba upo. Panya hawakuugusa. Nakala zote tatu ziko hapa mezani mbele yangu, safi kama ulivyozituma. Hazina sahihi. Hakuna hata moja.

Nilikudanganya mwaka ule na nimekudanganya miaka saba, na nilimdanganya mama yako pia. Aliingia kaburini akijua zimekwisha. Usiniulize kwa nini. Andika tu kwamba baba yako ni mzee mjinga, hiyo itatosha.

Wechuli

•

Kaloleni,
17 Agosti 2023

Baba,

Miezi mitano imepita sijakuandikia. Nilimtuma Selpha na unga na sukari, nikajiambia hiyo ni barua. Sikuwa na la kukuambia ambalo mtoto anaweza kumwambia baba yake. Kila nilipoona makaburi ya watu nilikukasirikia upya. Nisamehe kwa kunyamaza. Kukasirika nimekasirika kweli.

Harpreet amekubali kukutetea bila kututoza katika kesi waliyokufungulia, ingawa ameniambia wazi kwamba tunapigana bila rungu. Wiki hii wakili wa kina Robinson ametuletea vielelezo vyao, na ni mimi niliyevipanga kwenye faili. Kuna barua kumi na nne. Ni barua za Mzee Obonyo kwa mke wake, kutoka Muhoroni, kati ya 1991 na 1998. Mama yao alizitunza kwenye kopo la biskuti. Wamezileta kuonyesha kwamba baba yao alikuwa mtu wa kuandika kila jambo, hata bei ya chumvi, kwa hiyo angekuwa amekupa shamba angeandika. Robinson ameapa kwamba alijifunza kupenda kusoma kwa barua hizo.

Nilisoma mistari miwili tu. Baba, huu ni mwandiko wako. Herufi K yako yenye mguu unaoburura mpaka mstari wa chini naijua tangu nikiwa darasa la kwanza. Hata mzaha ni wako. Nani mwingine anamwandikia mwanamke aliye mbali kwamba usimpe mbuzi dawa ya watu?

Sijamwambia mtu yeyote. Niambie wewe.

Binti yako,
Emmaculate

•

Asembo Bay,
24 Agosti 2023

Emma mama,

Mulembe. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ukiwa na hasira. Mimi mzima.

Ni wangu. Obonyo hakujua kusoma, hata jina lake. Tulikaa naye chumba kimoja Muhoroni kabla mama yako hajaja na wewe, na hata baadaye alikuwa anakuja kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Anakaa anasema, mimi naandika. Mke wake akijibu namsomea, nyingine mara tatu. Siku Robinson alipoota meno, mimi nilijua kabla mjomba wake mwenyewe hajajua. Majirani huko kwao walimwandikia mkewe majibu wakidhani wanamjibu mtu wa kalamu, na yule mama alitembea na kichwa juu kwa sababu ya kalamu hiyo. Obonyo aliniapisha. Baadaye watoto wakakua, wakaambiwa someni kama baba yenu, wakasoma kweli. Ungemvua vipi mtu kama huyo heshima hiyo?

Jumamosi ile ya shoka nilitoa makaratasi yako nikayaweka mezani. Robinson akachomoa kalamu mfukoni, nzuri, ya mwalimu, akampa baba yake kwa mikono miwili. Obonyo akaishika. Akanitazama. Nimeona mtu trekta likimrudia nyuma, na uso wake haukuwa kama ule. Nikasema, "Bwana, hizi ni kazi za watoto wa mjini, sisi tuna shoka." Watu wakacheka. Nikayakunja makaratasi nikayarudisha kwenye koti.

Utasema tungekwenda wawili mahali pengine akaweka dole gumba. Dole gumba nalo linataka mashahidi, wewe mwenyewe uliniandikia. Nilidhani tutapata njia. Mwaka ukiisha nasema huu unaokuja. Alipolazwa mara ya mwisho alianza yeye mwenyewe, "Osiepna, ile karatasi." Osiepna ni kusema rafiki yangu. Nikamwambia apumzike kwanza. Hapo nilikosa, mama. Yale ya Jumamosi ningeyafanya tena, lakini pale kitandani ningeita hata muuguzi. Siku ya nne akafa.

Sasa nakuomba. Usimwambie Harpreet. Akijua atalazimika kuuliza mbele ya hakimu, na Robinson atakuwa ameketi pale.

Baba yako,
Wechuli

•

Kaloleni,
31 Agosti 2023

Baba,

Nimekusoma.

Hata nikimwambia Harpreet, kesi hatutashinda. Sheria haiulizi kwa nini hamkuandika, inauliza tu kama mliandika. Lakini angalau watu wa Asembo wangejua kwamba wewe si mzee aliyevamia shamba la maiti. Wanakusema hivyo sokoni, Selpha ameniambia. Na mama naye? Yeye hakuapa kwa Obonyo. Unamlipisha yeye siri ambayo hakuijua.

Nitanyamaza kwa sababu umeniomba. Sijui kama nafanya vizuri.

Binti yako,
Emmaculate

•

Kaloleni,
23 Mei 2024

Baba mpendwa,

Ulifika salama? Selpha anasema ulilala njia nzima begani kwake. Mimi na tumbo langu tuko salama, miezi sita sasa, miguu tu inavimba jioni.

Najua ulitoka mahakamani ukijua tumeshindwa, Harpreet alikuandikia kwenye karatasi. Siku tisini utoke, na kaburi lihamishwe kwa kibali cha afya. Hukumu haikuwa ya chuki. Hakimu alisema anaamini kwamba mlikubaliana jambo, wewe na marehemu, na kwamba ameona nguzo na ua na kaburi. Akasema sheria haimruhusu kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuna maandishi, hakuna sahihi, hakuna shahidi wa sahihi. Kwangu ilikuwa afadhali angesema wewe ni mwongo, ningepata wa kumchukia.

Kuna jambo Harpreet hakukuandikia na nimewaza wiki nzima kama nikuambie. Wakati wa kumalizia, wakili wao alisimama akasoma moja ya zile barua kwa sauti, ile ya 1994, pale unaposema mke wangu, nikirudi nataka tukae mahali ambapo hakuna mtu atakayetuambia sogea. Akasema, mheshimiwa, mtu anayeandika hivi hawezi kutoa shamba kwa kuinua shoka. Robinson alifuta macho. Na mimi nilikuangalia wewe. Ulikuwa umekaa na kofia magotini, husikii kitu, unatabasamu kwa adabu kama unavyotabasamu watu wakikuzungumzia.

Nilitaka kusimama. Niliushika ubao wa kiti mpaka kucha ikavunjika. Maneno yale Obonyo alisema au uliyaongeza wewe? Nadhani uliyaongeza wewe, na ulikuwa unamwandikia mama.

Baba mdogo Waswa amekubali mama azikwe Chwele. Anasema uliuza sehemu yako na hana shamba la kukurudishia, lakini mke wa ukoo hawezi kukosa udongo. Wazee wamenikataza kuja, mwenye mimba hasogelei maiti iliyofukuliwa. Nimekataa kukubali, kisha nimekubali. Utamsindikiza peke yako. Mwambie mama sikukataa.

Binti yako,
Emmaculate

•

Chwele,
25 Julai 2024

Emma mama,

Mulembe. Natumaini miguu imepungua na mtoto anacheza vizuri. Mimi mzima, nimechoka tu.

Kazi imekwisha. Walikuja Jumanne asubuhi na mapema, vijana wanne na mtu wa afya mwenye glavu. Niliomba nichimbe na mimi, wakanipa jembe, nikachimba kidogo wakanipokonya kwa upole. Robinson alikuja. Alisimama kando kwa muda mrefu, kisha akavua koti akaingia kuchimba pamoja nao, na viatu vyake vya shule. Tulipomaliza alinisogelea sikioni, akapiga kelele ili nisikie. Alisema, "Mzee, kama baba angekuwa ameacha hata mstari mmoja, ningekuachia." Alikuwa anasema kweli, mama, niliuona uso wake. Nikamshika bega. Nikamwambia baba yake alikuwa mtu mzuri. Hilo halina uongo ndani yake.

Maneno yale ya barua ya 1994 ni yangu. Obonyo alikuwa ameniambia andika nimemkumbuka, na mimi nikaona ni mafupi.

Mama yako alikuwa mwepesi sana. Sikutarajia. Nilikaa naye nyuma ya pikapu, mkono wangu juu ya sanduku. Nilimweleza yote njiani, tangu kalamu ya Robinson mpaka mahakama, kwa sababu nilimdanganya na yeye. Sijui kama nilisema kwa sauti kubwa. Dereva alikuwa ananiangalia kwenye kioo. Nilimwambia pia kwamba wewe hukukataa.

Waswa alikuwa amechimba mahali pazuri, karibu na mama yetu. Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Baada ya mazishi nilimwuliza Waswa mimi nitalala wapi siku yangu ikifika. Akanionyesha kwa fimbo, hapo hapo kando ya mama yako, upande wa kulia. Akasema, "Ni kwako, kaka, nani atakuuliza?"

Emma, nilikaa nikatazama pale alipoonyesha. Yeye ana miaka sabini, ana wana watano. Nikamwambia, "Waswa, niandikie."

Hakunielewa. Nikarudia. Akakasirika. Sikusikia yote lakini niliona mdomo wake ukisema mwizi, unaniona mwizi, na wake zake wakatoka jikoni kutazama. Kaka yangu wa tumbo moja, siku ya kumzika mke wangu. Nilitamani kusema basi, achana nayo. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Nikalimeza, nikabaki nimesimama, nikasema mara ya tatu. Akaondoka akaingia ndani, nikajua nimempoteza na yeye.

Alikaa ndani mpaka chai ikapoa. Kisha akatoka na daftari la mjukuu wake na kalamu ya risasi, akaketi kwenye kiti bila kuniangalia, akaandika. Aliweka sahihi yake, nikaweka yangu. Wanawe wawili wakubwa wakaweka zao kama mashahidi, kila mmoja kando ya sahihi aliyoiona, kama ulivyonifundisha. Hajazungumza nami tangu juzi. Chakula ananiletea mmoja wa wake zake.

Karatasi hiyo naiweka ndani ya bahasha hii. Imeandikwa hivi: Mimi Waswa nimempa kaka yangu Wechuli mahali pa kaburi moja, kando ya mke wake Jentrix, upande wa kulia, urefu wa futi saba na upana wa futi nne, na watoto wangu wasimwondoe.

Iweke kwenye kabati la chuma. Nitakuja Kaloleni mtoto akizaliwa, na najua ukishaisoma utataka kuniambia jambo juu yake, kama imekamilika au haijakamilika. Usiniambie, mama.

Ni mimi baba yako,
Wechuli